Kitufe cha Msiba

Ofisini kwetu kuna skrini tatu, na hakuna hata moja inayosemeshana na mwenzake. Ya kwanza inaonyesha vina vya maji kwenye matenki. Ya pili inasoma mita kubwa za mabomba. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonivunjia heshima kwa mtu niliyempenda, inafungua na kufunga koki za huko juu milimani huku mimi nimekaa kwenye kiti Lushoto mjini. Kila moja ililetwa na kampuni yake, ina nywila yake na ina namna yake ya kulalamika. Ukitaka kujua kama tenki fulani ndilo linalolisha bomba fulani, unachukua kalamu na karatasi, unasoma skrini ya kwanza, unaandika, unavuta kiti hadi ya pili. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja kwa nini mashine yake isisome vya mwenzake. Akacheka kwa huruma. "Wale ni washindani wetu, dada," akasema, kana kwamba ugomvi wao ni jambo linalotuhusu sisi na ndoo zetu.

Mimi ni fundi wa maji. Nimezaliwa upande wa Mlalo, nimekua nikibeba maji kutoka bondeni, na nilipopata kazi kwenye chombo chetu kidogo cha kusimamia maji nilianza na spana mkononi, si kipanya cha kompyuta. Nina hasira za karibu, najijua, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyafanya mwenyewe. Lakini acha kwanza niwaseme wale wauzaji.

Watu wakisikia soko la Lushoto wanafikiria kabichi, viazi na plamu. Kuna soko jingine. Hilo lina vijana wenye kompyuta za mkononi na viatu vya kung'aa, wanaofika asubuhi na gari jeupe wakitokea Dar es Salaam, wakitetemeka kwa baridi kwa sababu hakuna aliyewaambia wabebe sweta. Wanawasha picha ukutani. Picha ni ya mji tambarare, nchi sijui ipi, tenki moja, bomba moja lililonyooka, na mama mmoja anayecheka mbele ya bomba. Wanasema mameneja hawatahitaji tena kutuma watu kupanda milima. Kisha wanauliza kama tuna mtandao wa simu huko juu, na sisi tunajibu ndiyo, upo, ukisimama kwenye jiwe la nyuma ya kanisa na kuelekea upande wa nyika.

Wote wanatuuzia macho na mikono ya mbali. Hakuna aliyewahi kuniuliza tunataka kuona nini.

Yule wa skrini ya tatu alikuwa na nafuu kidogo. Alikuwa kijana mpole, msikivu, mwenye kuandika kila unachosema kwenye daftari lake, na ndiyo maana nilimwamini. Kampuni yake ilishinda zabuni ya kuweka mota kwenye koki kubwa, pamoja na paneli za sola, betri na laini za simu za kupeleka habari ofisini. Koki ya kwanza kuwekewa ilikuwa ile ya mgongoni mwa mlima, kwenye kijiji cha juu kabisa tunachohudumia. Na koki ile ilikuwa na mwenyewe.

Tulimwita mama wa koki. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mdomo, amevaa gambuti na sweta la kahawia mwaka mzima, na ufunguo wa koki ameuweka begani kama jembe. Ufunguo wenyewe ni chuma kirefu chenye mkono wa kushikia juu na tundu la pembe nne chini. Unaudumbukiza ndani ya chemba, unashika kichwa cha koki, unazungusha. Chanzo cha pale hakitoshelezi wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kijiji kina laini tatu, ya juu, ya kati na ya bondeni, na kila laini ina siku yake. Zamu hizo alikuwa ameziandika kwenye daftari la shule, lakini sikumwona hata siku moja akilifungua. Ukimlalamikia kuwa laini yako imepata maji kidogo, alikukumbusha siku ambayo mwanao aliacha bomba wazi. Kila mara nilipopanda kukagua, nilimwamkia shikamoo nikiwa bado mbali, kwa sababu alikuwa haanzi mazungumzo na mtu ambaye hajamwamkia, awe fundi, awe meneja.

Sasa kuna jambo la kengele, na bila hilo hutaelewa lolote kati ya yaliyotokea.

Kanisa la mtaa wao lina kengele moja. Jumapili hupigwa kwa haraka. Mtu akifariki hupigwa taratibu, pigo moja, kimya, pigo jingine, na watu mashambani husimama wakiulizana ni nani aliyekuwa anaumwa. Mama wa koki akiisikia hiyo, habari ya zamu imekwisha. Anauliza msiba uko laini gani, anabeba ufunguo, anafungulia laini hiyo mpaka mtu azikwe. Msiba wa kule una watu wengi, wengine wanatoka Mtae, wengine Tanga. Kuna sufuria za makande na za wali, kuna vyombo, kuna wageni wa kunawa na kulala. Laini nyingine zinakauka siku mbili tatu na hakuna anayefungua mdomo, maana kila nyumba inajua siku yake inakuja.

Na kulikuwa na sharti moja. Mwenye ufunguo hajifungulii. Msiba ukiwa nyumbani kwake, mtu mwingine ndiye anayefungua, isije ikasemwa amegeuza maji ya wote kuwa ya kwake. Mama wa koki alipofiwa na mumewe nilikuwa fundi mgeni kazini, na ni mimi niliyetumwa kupanda na kufungua. Aliniachia ufunguo mlangoni. Nilizungusha, mikono ikiuma kwa ubaridi wa chuma, na nilipopita mbele ya nyumba nikienda zangu nikasikia ndoo zikipokea maji. Yeye alikuwa amekaa mkekani ndani. Alinitazama kupitia mlangoni, akatikisa kichwa mara moja. Tangu siku hiyo aliniita mwanangu.

Basi yule kijana wa kampuni alipomaliza kufunga mota, tulimwita mama wa koki aje aone. Tulisimama pembeni ya chemba, ukungu ukitupita miguuni. Kijana akamwonyesha simu yake, akabonyeza, na ndani ya chemba mota ikanguruma, koki ikajifunga yenyewe. Akabonyeza tena, ikafunguka. Akaeleza kwamba zamu zote zimo humo ndani, kwamba maji yakienda mahali kwa wakati usio wake mashine itapiga kelele ofisini, na kwamba mtu aliyeko Lushoto anaweza kufunga bila kunyanyuka.

Mama wa koki aliangalia simu, akaangalia chemba.

"Na kitufe cha msiba kiko wapi?" akauliza.

Kijana akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya kengele. Akaandika kila kitu kwenye daftari lake, akasema ni jambo zuri sana, la kipekee, atalipeleka kwa wataalamu. Mimi nikacheka. Sikumcheka mama, nilifurahishwa na swali, lakini nilicheka, na mama aliniona.

"Usicheke, mwanangu," akasema. "Hii ikishaanza kazi, mimi wananiambia nirudishe ufunguo. Sasa mtu akifa mwezi ule, nani anasikia kengele kule kwenu?"

Alikuwa amesoma mambo vizuri kuliko sisi. Mkataba ulisema hivyo hivyo: siku nitakapotia saini kwamba mfumo umepokelewa na unafanya kazi, koki zote zitaendeshwa kutoka ofisini na funguo za mkono zitakabidhiwa. Mpaka hapo ni kipindi cha majaribio, ufunguo unabaki kwake lakini hauguswi bila ruhusa yangu. Saini ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye fundi msimamizi. Nikamwambia pale pale, mbele ya kijana, kwamba sitasaini mpaka kitufe cha msiba kiwepo.

"Umesema," akajibu, akaweka ufunguo begani akaenda zake.

Nilijitahidi. Hilo lazima niseme, ingawa halinisaidii. Niliandika barua pepe, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha ofisini kwamba tunahitaji sehemu ya kumwambia mfumo kwamba laini fulani itapata maji nje ya zamu kwa sababu ya kifo, na mfumo usiite hayo maji kosa. Baada ya wiki nikajibiwa na mashine kwamba ombi langu limepokelewa na limepewa namba. Baada ya wiki nyingine mtu mmoja, mwenye jina nisiloweza kulitamka, akauliza kama kifo hicho ni cha mfanyakazi, kwa kuwa wana sehemu ya ajali kazini. Nikajibu si cha mfanyakazi. Akauliza misiba hutokea kwa ratiba gani. Niliisoma hiyo barua mara mbili. Nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi, nikamjibu kwa heshima kwamba misiba haina ratiba. Hakuandika tena. Kijana wetu, nilipompigia, aliniambia kwa upole wake ule ule kwamba jambo letu linahitaji kubadilisha moyo wa programu, na kwamba litakuwa kwenye toleo lijalo.

Toleo lijalo. Nilichoka kulisikia neno hilo. Ukungu wa Julai uliziba sola siku tano, betri zikaisha, skrini ikaonyesha koki zote ziko salama wakati hazikuwa zimesema lolote tangu Jumatatu. Nikauliza kwa nini isionyeshe kwamba haijui. Toleo lijalo. Mbuzi wakatafuna waya. Toleo lijalo litakuwa na waya wa chuma. Wakati wote huo mama wa koki alikuwa akinipigia kila kengele ilipolia, ananiomba ruhusa, naitoa, naizima kelele ya skrini kwa mkono, na watu wanazikana vizuri. Nikaanza kuzoea. Nikaona tunaweza kuendelea hivyo hivyo.

Kisha ikaja siku ya wageni.

Kampuni ilikuwa inataka kuuza mfumo ule kwenye wilaya nyingine, na ikaomba ofisi yetu iwe mfano. Walikuja mameneja na mafundi wa maji kutoka sehemu mbalimbali, wakajaza chumba chetu cha mikutano. Kulikuwa na chai, maandazi, vitambulisho vya shingoni. Meneja wetu alivaa koti. Alitupitia mmoja mmoja akituambia simu zizimwe milio, tusimwaibishe. Nikatoa mlio, nikaitupa simu kwenye mkoba, mkoba nikautia kabatini.

Na hapa ndipo ninapojikasirikia, kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Miaka yote nimekuwa yule dada wa mabomba, mwenye matope, anayetumwa. Siku ile nilisimama mbele ya watu na kifimbo cha kuelekezea, nikiwaonyesha milima yetu ukutani, kila koki na alama yake ya kijani. Waliniuliza maswali magumu nikayajibu. Mzee mmoja kutoka wilaya ya tambarare alisema hajawahi kuona fundi anayeeleza mambo vizuri namna ile. Nilijisikia mrefu.

Ilikuwa yapata saa tano asubuhi alama moja ilipogeuka nyekundu, mbele yao wote. Laini ya juu, kijiji cha mgongoni. Maji yalikuwa yanakwenda kwa wingi siku ambayo haikuwa yake.

"Uvujaji," akasema kijana wa kampuni, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. Mfano umejileta wenyewe. "Tuonyeshe unavyoshughulikia."

Wazo la kengele lilinipitia. Sitadanganya kwamba halikunipitia. Lakini nikajiambia mama hajapiga simu, na mama kila mara anapiga, kwa hiyo si msiba. Simu yenyewe ilikuwa kabatini. Nikabonyeza kufunga. Mstari wa maji ukashuka ukutani, ukalala chini kabisa, alama ikarudi kijani. Watu wakapiga makofi.

Makofi hayajaisha, mstari ukapanda tena. Mtu huko juu alikuwa amefungua kwa mkono. Mgeni mmoja akanong'ona kwamba ni wezi wa maji, wakulima wa kabichi hao, hata kwao wapo. Kijana akanisogelea, akaniambia kuna sehemu ya kuzuia mkono: ukiibonyeza, ufunguo unazunguka bure, haushiki kitu. Nilikuwa sijawahi kuitumia. Watu wote wananitazama. Nikabonyeza. Mstari ukashuka na haukupanda tena.

Safari hii makofi yalikuwa marefu. Meneja alikuwa anacheka hadi ufizi. Kwenye meza ya mbele ilikuwa imeandaliwa karatasi ya kupokea mfumo, na bendera ndogo, na kalamu, kwa kuwa walitaka wageni washuhudie. Meneja akanipa kalamu. Nikamnong'oneza kijana: na kile kitufe? Akaniambia kwa uso mkunjufu, "Toleo lijalo, dada, nakuahidi." Nikasaini. Nilikuwa na hasira na neno hilo kwa miezi, na bado nilisaini juu yake, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinanipenda.

Nilipofungua kabati kuchukua mkoba nikakuta simu imepigwa mara kumi na moja. Zote mama wa koki. Ya kwanza saa tatu asubuhi, ya mwisho muda mfupi baada ya makofi ya pili.

Nilimpigia, haikupokelewa. Nikampigia mzee wa kanisa wa mtaa ule, akapokea, akaongea polepole kama mtu aliye katikati ya watu. Kengele ilikuwa imelia alfajiri. Aliyefariki ni dada yake mama wa koki, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, mgonjwa wa siku nyingi. Mama alikataa kujifungulia. Aliwaambia waombolezaji wasubiri, atampigia mwanawe wa ofisini, yeye ndiye atakayefungua kama alivyofungua kwa mzee wake. Alipiga na kupiga. Majirani hawakutaka kugusa koki, kwa sababu kampuni ilikuwa imepachika kibao cha fuvu na radi pale kwenye chemba. Mwisho watu wakawa wengi, watoto wanalia kiu, na mama akainuka mkekani na kitenge chake cha msiba, akabeba ufunguo, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe kazi ile.

"Yakaja kidogo yakakatika," akasema mzee wa kanisa. "Akafungua tena, yakakatika. Sasa ufunguo unazunguka tu. Watu wamemwona."

Sikumuaga meneja. Nilikwenda kwenye skrini nikabonyeza kufungua, ikaniambia laini ya simu ya kule haipatikani, ukungu umeingia, jaribu baadaye. Nikabeba spana, nikachukua bodaboda. Njia nzima kijana wa watu aliyeniendesha alikuwa ananiuliza kama naumwa.

Nilikutana na wanawake njiani kabla sijafika, wamejitwika ndoo, wanapanda kutoka mtoni. Wote walinijua. Nilisalimia, wakaitikia kwa adabu na wakapita. Bora wangenitukana.

Chemba ilikuwa wazi. Nilishuka, nikavunja lakiri ya kampuni iliyobandikwa kwenye mota, nikafungua boliti nne, nikaing'oa mota nzima na kuitupa kwenye majani. Chini yake kilikuwa kichwa cha koki cha zamani. Ufunguo haukuwepo. Ilinibidi niende kuuomba.

Mama wa koki alikuwa kwenye mkeka, mahali pale pale nilipomwona alipofiwa na mumewe. Nilipiga magoti mlangoni. Nikasema shikamoo, nikasema pole, nikaanza kueleza wageni, simu, kabati. Nilijisikia nikieleza na nikajichukia katikati ya sentensi.

"Marahaba," akasema. Halafu akauliza kitu kimoja tu. "Umesaini?"

Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nikasema ndiyo.

Akamwashiria binti aliyekuwa karibu, ufunguo ukaletwa kutoka nyuma ya mlango, ukawekwa mbele yangu.

"Basi ni wa ofisi," akasema. "Peleka."

Nilikwenda nikafungua. Maji yakaja, ndoo zikapokea, lakini wakati huo chakula kilikuwa kimeshapikwa kwa maji ya mtoni na marehemu alikuwa ameoshwa kwa maji ya mtoni, na hakuna aliyenitazama kupitia mlangoni. Siku ya pili, baada ya maziko, nilimrudishia ufunguo. Akakataa. Wiki iliyofuata nilikwenda tena na meneja, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa upande wangu kwa sababu kampuni ilimwandikia kwamba kuvunja lakiri kumefuta dhamana. Mama alitukaribisha, akatupa chai, akakataa. Alisema tangu apewe ule ufunguo watu hawakuwahi kumwona akijifungulia, na siku walipomwona, maji yenyewe yalimkataa mbele yao. Hawezi kuubeba tena kijijini.

Nilimwambia si maji yaliyomkataa, ni mimi.

"Najua, mwanangu," akasema. Bado aliniita hivyo, na hilo lilinichoma zaidi.

Ufunguo uko ukutani ofisini kwetu, kwenye msumari, juu ya skrini ya tatu. Mota ilirudishwa na fundi wa kampuni. Sasa kengele ikilia mzee wa kanisa ananipigia, nami simu yangu haizimwi mlio hata kanisani, nafungua kutoka kwenye kiti changu. Mfumo unaniuliza sababu ya maji kwenda nje ya zamu. Kuna orodha: usafi wa bomba, ukarabati, majaribio, moto, uvujaji. Nne za kwanza zinadai fomu yenye saini ya meneja kabla koki haijatii. Uvujaji haudai kitu. Kwa hiyo naandika uvujaji. Mwalimu wa kwaya alipofariki, niliandika uvujaji. Kichanga cha nyumba ya karibu na shule, uvujaji. Mfumo unashukuru na kuhifadhi, na kilichohifadhiwa hakifutiki.

Juzi yule kijana wa kampuni alirudi. Safari hii ana sweta. Amepandishwa cheo, na amekuja na kifaa kipya cha kusikiliza mabomba chini ya ardhi na kutafuta yanapovuja. Alisema kompyuta zao ndizo zilizomtuma kwetu. Akafungua kishikwambi chake, akanionyesha mchoro wa laini za kijiji cha mgongoni, wenye vilima vyekundu, na akasema hajaona mabomba yanayovuja namna ile kokote wanakouza. Yanavuja siku mbili tatu, yanapona, yanavuja tena upande mwingine. Wataalamu wao wanashindwa kuelewa.

Nilikuwa navitambua vilima vyote, kimoja kimoja.

"Ila hiki cha kwanza," akasema akikigusa kwa kidole, "mlikifunga mara moja. Hiki ndicho tunachowaonyesha wateja."

Nikautoa ufunguo msumarini. Nikamwambia abebe kifaa chake, twende nikamwonyeshe panapovuja.

Tulimkuta mama wa koki uani anachambua maharage. Kijana akamwamkia vizuri, akiwa bado mbali, kama nilivyomfundisha. Mama akaitikia, akakitazama kishikwambi mkononi mwake.

"Kitufe umekuja nacho?"

"Bado, mama," akasema.

"Haya," akasema mama, akarudi kwenye maharage yake.

Nikampeleka nyuma ya nyumba, kupita migomba, mpaka kwenye kaburi la dada yake. Udongo ulikuwa bado haujatulia, na mtu alikuwa amepanda maua ya njano kuuzunguka. Kijana alisimama pale na kifaa chake, akitafuta bomba kwa macho. Nikamwambia asome tarehe iliyoandikwa msalabani, kisha asome tarehe ya kile kilima cha kwanza.

Akasoma msalaba. Akasogeza mchoro kwenye kishikwambi mpaka kilima cha kwanza.

"Dada," akasema taratibu, "hii ndiyo ile tuliyopigiwa makofi?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo.